Jodari na Kibua: Kusoma Vipimo vya Mafuta ya Samaki

Jodari wa mapezi ya manjano na kibua wa Bahari ya Atlantiki ni wa familia moja, lakini mafuta yao hayalingani. Ni yupi bora? Jibu hutegemea kipimo kinachotumika.

Tukipima sehemu ya mafuta ambayo ni EPA na DHA, yaani asidi za mafuta za omega-3, jodari huongoza: takriban moja ya tano, ilhali kwa kibua ni moja ya sita. Hata hivyo, mlaji hali asilimia, hula mnofu. Gramu 100 za mnofu mbichi wa jodari zina takriban gramu 0.5 tu ya mafuta, na za kibua huyo takriban gramu 14. Kwa hiyo jodari hutoa gramu 0.1 hivi ya EPA na DHA, na kibua zaidi ya gramu 2.

Tofauti hii humgusa mama mjamzito, anayeshauriwa kupata angalau gramu 0.3 kwa siku, ikiwamo gramu 0.2 ya DHA inayojenga ubongo na macho ya mtoto.

Mhudumu wa afya, usiishie kusema "kula samaki". Taja aina na kiasi. Vibua wa maji yetu ya joto kwa kawaida hawanoni kama wale wa Atlantiki, lakini samaki wadogo wa baharini huwa na zebaki kidogo kuliko samaki wakubwa walao wenzao. Bei kubwa sokoni si kipimo cha lishe.