Kabla Hujatoa Pesa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kuuliza "bei gani?" hakutoshi. Uliza pia unapewa kiasi gani, na kitu kikiharibika utamshika nani. Asiyeuliza hayo asilalamike akishafika nyumbani.

FANYA

1. Tazama mzani kabla ya mchele. Mshale usimame kwenye sifuri, na mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ambayo haijapitwa na muda. Muuzaji akikuzibia usione, nenda duka la pili.

2. Piga hesabu ya kilo. Pakiti ya gramu 100 kwa shilingi 500 maana yake kilo ni shilingi 5,000. Mfuko wa kilo nzima ukiuzwa 4,200, vipakiti kumi vimekula 800 zako.

3. Pima mtungi wa gesi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukiwa kilo 7 mtupu na umelipia gesi ya kilo 6, mzani usome 13. Lakiri ikiwa imefunguliwa, rudisha hapohapo.

4. Dai risiti ya mashine ya kodi (EFD), kisha isome. Kiasi kilichoandikwa kiwe kile ulicholipa. Bila risiti, garantii ni maneno ya mdomo tu.

5. Kagua simu dukani. Piga *#06#, linganisha namba ya IMEI inayotokea na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, usiichukue.

6. Mlipe fundi kwa hatua. Vifaa nunua mwenyewe. Andikeni kazi, bei na siku ya kukabidhi. Fungu la mwisho litoke maji yakishapita bombani, si fundi akishasema yatapita.

7. Tembelea chuo cha ufundi kabla ya kulipa ada. Hakikisha kimesajiliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Ingia karakana, uhesabu mashine na wanafunzi. Wanafunzi thelathini kwa cherehani mbili, hapo hakuna atakayejua kushona.

USIFANYE

1. Usinunue kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ukidhani umependelewa. Kipimo hicho kimekatazwa, na kilima cha juu ya gunia hakikuambii kilo zilizomo.

2. Usinunue kingi kwa sababu ni rahisi. Tenga la nyanya likioza nusu, bei ya kila nyanya uliyokula imepanda maradufu.

3. Usikubali "hii ni orijino, bosi". Tafuta alama ya Shirika la Viwango (TBS), tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji.

4. Usimpeleke mtoto tuisheni kwa kuwa wa jirani anakwenda. Uliza kwanza ni mada gani inayomshinda. Ikiwa ni sehemu za desimali, lipia sehemu za desimali, si masomo saba.

5. Usilipie cheti. Lipia saa za mazoezi. Mwajiri atakupa waya uunganishe, na cheti hakitakushikia koleo.

6. Usinunue kitabu kabla hujauliza maktaba. Ile ya Taifa jijini Dar es Salaam imekuwa wazi tangu 1967.

7. Usione haya kuondoka mikono mitupu. Umeuliza, umepima, hujaridhika: sema "sinunui" na uende zako. Kuuliza si deni, na muuzaji aliyenuna hajakudai kitu.