Kumiksi Kwenye Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Kabla hujashusha plagini nyingine, azima tepu ya fundi upime chumba chako. Wengi wetu tunamiksi chumbani tunakolala, na vyumba vingi vya kupanga vimejengwa kwa kipimo kilekile: futi kumi kwa kumi. Kwa mwenye nyumba ni hesabu rahisi ya matofali. Kwa mtu wa muziki ni balaa, maana urefu na upana vimelingana, kwa hiyo kuta zote nne zinaivimbisha besi ileile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa joto la Dar es Salaam sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani mita 6.1, unapata kama hezi 57. Hapo umeangukia katikati ya A na B flati za chini za gitaa la besi. Ukikaa karibu na ukuta, noti hizo zinakujia zimevimba. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, zinapotea, na wewe kwa nia njema unaziongeza. Wimbo ukipigwa kwenye gari la rafiki, milango inatetemeka, halafu unalaumu spika zako.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua sinthi yoyote, chagua sauti tulivu isiyo na madoido, kisha piga noti za besi moja baada ya nyingine kuanzia E ya chini, hezi 41, ukipanda nusu toni nusu toni, zote kwa nguvu moja. Kaa pale unapokaa siku zote. Andika zinazovimba na zinazomezwa. Karatasi yangu nimeibandika juu ya kioo cha kompyuta, na kila mkono unapotaka kukata A ya besi, naitazama kwanza. Mara nyingi noti haina kosa lolote, chumba ndicho kinachosema uongo.

Halafu sogeza kiti. Mahali pazuri pa kuanzia ni asilimia 38 ya urefu wa chumba ukipima kutoka ukuta ulio mbele yako; kwa futi kumi hiyo ni kama mita 1.15. Hapo ni pa kuanzia tu, si sheria. Rudia noti zako, sogea shubiri moja mbele au nyuma, sikiliza tena. Spika mbili na kichwa chako viwe pembetatu ya pande sawa, twita zikilingana na masikio. Kazi yote hii haina gharama, na inabadilisha besi kuliko ikwalaiza ya dola mia mbili.

Sasa tuongelee trei za mayai. Nimeingia studio nyingi za mtaani zilizopigwa trei ukuta mzima, na ninajua zinavyopendeza kwenye video. Lakini karatasi ile nyepesi inagusa sauti za juu kidogo tu, besi haiisikii kabisa, wala haizuii kelele za jirani. Kinachonyonya sauti ni unene wa kitu chenye nyuzi au vitundu ambamo hewa inapita kwa shida. Nenda mitumba, Karume au popote ulipo, nunua mataulo na mablanketi yaliyochoka. Mwambie seremala akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 15, jaza mataulo bila kuyashindilia, funika kwa kitambaa ambacho ukikipuliza kwa mdomo pumzi inapita. Ziweke mbali na ukuta kidogo, maana nafasi ya hewa nyuma inaongeza nguvu yake. Mbili za pembeni zikae pale ambapo sauti inagonga ukuta kwanza kabla ya kukufikia: mwenzako apitishe kioo ukutani, na ukiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo. Nyingine ziende kwenye pembe na nyuma ya kichwa.

Usitarajie fremu hizo zitibu ile hezi 57. Ili kitu cha namna hiyo kiinyonye sawasawa kingehitaji kina cha karibu mita moja na nusu, yaani nusu ya chumba. Fremu zinasafisha sauti za kati na za juu. Besi unaitibu kwa kiti na kwa ile karatasi ya noti.

Jambo la pili ni kiasi cha sauti. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti za kati kwa uwiano uleule sauti inapopanda na kushuka. Ukifungua kwa nguvu, besi inaonekana imeshiba, ukipunguza, imekonda. Ndiyo maana wimbo uliomiksiwa kwa kelele unalegea ukipigwa taratibu. Mimi namiksi kwa sauti ambayo mtu akiingia tunaongea bila kuinua koo, na kitufe cha sauti nimekichora alama ya kalamu ili kirudi palepale kila siku. Nafungua kwa nguvu mara chache, kwa muda mfupi, kuangalia kiki na besi, kisha narudi kwenye alama. Faida nyingine ni kwamba mwenye nyumba hagongi mlango.

Wimbo wa kulinganishia ni lazima. Chagua mmoja unaoujua hadi pumzi za mwimbaji, uuweke ndani ya projekti yako, na uushushe mpaka ulingane kwa sikio na miksi yako. Usipoushusha utakuwa unalinganisha ukubwa tu, na kilicho kikubwa siku zote kinaonekana kitamu zaidi. Kwangu huwa unashuka desibeli saba au nane.

Kabla ya plagini hata moja, panga feda. Sikiliza rekodi za bendi za dansi zilizofanywa Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980. Bendi ilipiga pamoja studioni kwa maiki chache, na hakukuwa na namna ya kukirekebisha kila chombo peke yake baadaye. Hata hivyo gitaa la solo, la pili na la rithim unayasikia kila moja na mahali pake, kwa sababu wapigaji walishagawana: huyu yuko juu, huyu katikati, na mmoja akijibu mwingine ananyamaza. Miksi ilikuwa ndani ya upangaji. Sisi tunabandika pedi tatu, piano na gitaa zote kwenye oktava moja, halafu tunatafuta ikwalaiza ya kuzitenganisha. Ni rahisi zaidi kupeleka piano oktava moja juu, au kuizima kwenye ubeti na kuirudisha kwenye kiitikio. Kitufe cha kuzimia chombo ndicho ninachokitumia kuliko vyote.

Sauti ya mwimbaji ndiyo inayobeba wimbo huku kwetu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kwenye kurekodi: zima feni, funga friji ya karibu, maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni na igeuzwe pembeni kidogo ili pumzi ya P isiipige uso. Kila wimbo wa pili una neno mapenzi, na P ya mapenzi imeharibu rekodi nyingi kuliko maiki mbovu. Saa nzuri ni saa nane usiku mpaka kabla ya adhana ya alfajiri. Mshale wa rekodi ucheze karibu na −12 kwa biti 24. Hakuna haja ya kugusa juu.

Kwenye kumiksi, kata chini ya hezi 80 mpaka 100, punguza kidogo kati ya 200 na 400 ambako chumba kidogo kinaacha tope, na kama mwimbaji anafichwa, inua kwa upole kati ya kilohezi 2 na 5. Kompresa ya uwiano wa tatu au nne kwa moja, ikipunguza desibeli tatu hadi sita pale anapopaza. S kali zinakaa kilohezi 5 hadi 8, na Kiswahili kinazo tele, kwa hiyo diesa iwe macho.

Lakini kompresa haijui lugha. Katika Kiswahili ukanushaji umekaa mwanzo wa kitenzi, kwenye silabi isiyo na mkazo, na silabi hiyo mara nyingi inaangukia pale kiki inapopiga. Kiki ikiimeza, msikilizaji haambulii kama dada anaimba nitarudi au sitarudi, na wimbo mzima wa kuachana unageuka wa kurudiana. Kwa hiyo baada ya plagini zote naenda mstari kwa mstari, macho kwenye mawimbi ya sauti, nikiinua silabi za mwanzo desibeli moja au mbili, na zile za mwisho ambazo mwimbaji huziachia zianguke. Kazi hii inachosha, na sijaona njia ya mkato. Kipimo changu: mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo ausikilize kwenye simu mara moja tu, kisha aniambie unahusu nini.

Wengi mnaniletea biti ikiwa faili moja, MP3, tayari imebanwa mpaka juu. Kwanza mwombe prodyuza vipande. Asipotoa, shusha biti desibeli sita hadi nane ili sauti ya mwimbaji ipate pa kukaa, badala ya kumpandisha mwimbaji mpaka kila kitu kipasuke. Kisha toboa biti kidogo, desibeli mbili hivi kati ya kilohezi 2 na 4, pale tu anapoimba. Ikwalaiza inayofuata sauti ya mwimbaji inafanya hivyo yenyewe, na programu nyingi sasa zinayo. Kama biti imechotwa YouTube, sharubati imeshamiminwa maji. Utafanya kazi, lakini usimwahidi mteja miujiza.

Mwangwi nauweka kwenye njia yake ya pembeni, nikiukata chini ya hezi 250 ili usichafue besi, na nikiuchelewesha milisekunde 20 hadi 40 ili maneno yatangulie. Urefu wake unategemea mwendo. Gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, upate milisekunde za pigo moja. Bongo Flava ya mapigo 100 inakupa 600, kuna nafasi. Singeli ya 240 inakupa 250 tu. Mwangwi wa sekunde mbili hapo unafunika mapigo manane, na MC haeleweki. Kwa singeli natumia dilei fupi mno, au nauacha kabisa.

Sasa spika za pili. Studio kubwa za nje zilijaza Yamaha NS-10, zilizotoka mwaka 1978 zikiwa spika za sebuleni, na wahandisi wengine wakazibandika tishu kwenye twita kupunguza ukali wake. Hawakuzipenda kwa utamu. Zilikuwa zinaonyesha kasoro. Sisi kasoro zetu zinaonyeshwa na simu ya bei nafuu, redio ya duka na sabufa ya sebuleni. Simu haitoi hezi 55 hata kwa dawa. Lakini ukiikwaruza besi kidogo kwa distoshoni, inazaa sauti za 110, 165 na 220, na sikio likizisikia hizo linaijaza yenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Napenda kunakili besi kwenye njia ya pili, nakata chini ya 150, nakwaruza hiyo, kisha naipandisha mpaka simu ianze kuimba besi. Ile ya asili haiguswi, kwa ajili ya sabufa.

Sikiliza pia kwa mono. Spika ya bluetuthi ya bodaboda ni moja, na za baa nyingi zimeunganishwa pamoja. Sauti za kuitikia ulizozitanua kwa plagini ya kupanua zinaweza kufutana kabisa zikikutanishwa. Kama kiitikio kinakonda ukibonyeza mono, ondoa plagini hiyo, rekodi mara mbili kweli, moja kushoto na moja kulia.

Kuhusu ukubwa wa mwisho: kwa mpangilio wake wa kawaida Spotify inaleta nyimbo kwenye LUFS −14, kwa hiyo ukiupeleka wa −8 wataushusha desibeli sita, na ulichobana kimeshabanwa. Ila DJ wa baa hashushi kitu, na wimbo mnyonge ukifuata wa mwenzako unaaibika. Mimi natoa masta kama ya −10, kilele kikiishia −1 ili MP3 isipasuke, na simbanii mtu anayetaka zaidi mpaka ngoma zianze kulegea. Hapo ndipo tunapogombana.

Mwishowe, siku hiyohiyo toa matoleo yote: kamili, lisilo na sauti kuu lakini lenye waitikiaji kwa ajili ya jukwaani, biti tupu, na sauti tupu. Yatume WhatsApp kama dokumenti, WAV. Mwimbaji atakupigia saa kumi na mbili jioni akiwa nyuma ya jukwaa anataka lile la pili, na siku hiyo ndiyo LUKU itakuwa imeisha.