SOMO: SUMU ISIYOONEKANA MAJINI

Umefundishwa mara nyingi kuchemsha maji ya kunywa. Usiache. Moto huua wadudu wa kuhara na wa homa ya matumbo. Lakini moto hauondoi zebaki, wala dawa nyingi za shamba zilizoyeyuka majini. Maji yakipungua katika sufuria, sumu hiyo yaweza kubaki katika maji machache, nayo huzidi ukali.

1. Sumu kidogo hupatikanaje?
Watu wa Nizi wanajua kuosha dhahabu. Mchanga ni mwingi, dhahabu ni chembe tu. Basi mchimbaji hutia zebaki, nayo hushika chembe zile na kuacha mchanga. Wapimaji wa maji hufanya karibu vivyo hivyo. Katika lita moja ya maji hutia dawa isiyochanganyika na maji, kama mafuta ya mawese yasivyochanganyika nayo. Hutikisa sana, kisha huacha vitulie. Sumu ya dawa za shamba au ya petroli hupenda dawa ile kuliko maji, huhamia humo. Wakiitenga na kuikausha polepole, sumu ya lita nzima hubaki katika tone moja. Ndipo mashine huweza kuipima.

2. Samaki pia hukusanya
Zebaki ikimwagwa mtoni, wadudu wadogo wa matope huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo hukaa katika nyama ya samaki, na samaki mkubwa alaye wadogo hukusanya nyingi. Kule Minamata, nchi ya Japani, mwaka 1956 waganga waliona watu wakitetemeka na kushindwa kutembea. Walikuwa wamekula samaki wa bahari yao, iliyotiwa uchafu wa kiwanda wenye zebaki.

3. Basi ufanye nini?
Nyumbani huna mashine. Makaa hushika sumu nyingine, lakini yakijaa hayashiki tena, wala hayaui wadudu. Heri kuzuia sumu isiingie.
– Usiteke maji chini ya mahali wanapooshea dhahabu kwa zebaki.
– Bidoni iliyokuwa na dawa ya shamba usiitie maji ya kunywa, hata ukiiosha kwa sabuni mara saba.
– Usichome zebaki nyumbani. Moshi wake hudhuru watoto na mama mwenye mimba.
– Maji yakinuka petroli, usiyanywe. Teka kwenye chemchemi nyingine, kisha uchemshe.

Maulizo
1. Moto huua nini, na hauondoi nini?
2. Bidoni za nyumbani kwako zilikuwa na nini kwanza?