Kwa Nini Tindo Yangu Ilivunjika

Muhula uliopita nilifua tindo katika karakana yetu. Niliipasha moto hata ikawa nyekundu, nikaitumbukiza majini. Tupa haikuweza kuikwaruza, nami nikajivuna. Lakini kwa pigo la kwanza la nyundo ilivunjika, na kipande kikapita karibu na jicho la mwenzangu. Je, kosa lilikuwa wapi?

Feleji ya tindo ni chuma chenye kaboni kidogo, kiasi cha sehemu 8 katika 1,000. Ikipoa polepole, kisha ikasuguliwa, ikatiwa asidi na kutazamwa kwa hadubini, huonekana ina tabaka nyembamba: moja ya chuma laini, ya pili ya chuma kilichoungana na kaboni, nayo ni ngumu. Feleji ya namna hii hukatwa kwa tupa.

Moto ukipita digrii 727 za Sentigredi, tabaka hizo hutoweka. Atomi za chuma hujipanga upya na kaboni huenea kati yake, ingawa feleji yenyewe haijayeyuka. Hali hiyo huitwa austenaiti, kwa jina la Mwingereza William Roberts-Austen. Ikitiwa majini ghafula, kaboni haipati nafasi ya kutoka. Hunaswa, ikazibana atomi za chuma. Hapo hupatikana martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens, ambayo kwa hadubini hufanana na sindano zilizopishana. Ni ngumu sana, lakini ikipigwa huvunjika kama kioo. Tindo yangu niliiacha katika hali hiyo.

Ilitakiwa kupashwa moto tena, moto mdogo. Sugua ncha mpaka ing'ae, kisha uipashe polepole ukiangalia rangi. Manjano ya majani makavu huonyesha karibu digrii 230, kahawia, 255, zambarau, 280, buluu, 300. Tindo ya kukatia chuma yafaa ifike zambarau. Kwa moto huo kaboni iliyonaswa hutoka na kufanya chembe ndogo mno, na mbano hulegea. Ugumu hupungua kidogo, lakini tindo hupata kustahimili nyundo.

Tindo yangu ya pili niliifikisha zambarau, nayo yakata mpaka leo. Basi, mwenzangu, usiridhike tupa inapoteleza. Kazi bado haijakwisha. Na uvaapo miwani ya karakana, usione haya.