Droni ya Picha za Mandhari: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Kwa kijana wa Wundanyi, Mwatate au Taveta anayepiga picha za harusi na mahafali, droni yenye kamera inaweza kumfungulia kazi nyingine: picha za mandhari kwa ajili ya hoteli, kalenda, mabango na ripoti za miradi. Lakini huenda ikawa kifaa ghali zaidi atakachowahi kununua, na mara nyingi fedha zenyewe ni za chama au za mkopo. Hasara huja kwa njia mbili. Kuna droni nzuri inayozuiliwa forodhani kwa kukosa kibali, na kuna droni yenye vibali vyote ambayo picha zake hazifai kazi ambayo mteja ameagiza. Somo hili linaeleza jinsi ya kuepuka zote mbili.

Sheria huja kwanza

Droni nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Safari za Ndege nchini (KCAA) kupitia kanuni za mwaka 2020. Anayetaka kuagiza droni kutoka nje ya nchi huomba kibali cha KCAA kabla ya mzigo kusafirishwa. Anayenunua dukani humu nchini aulize kama droni hiyo iliingizwa kwa kibali na adai stakabadhi zake. Baadaye droni husajiliwa, na mmiliki ni lazima awe ametimiza umri wa miaka 18. Anayetaka kufanya biashara ya picha aulize KCAA ni leseni na idhini zipi zinahitajika kwa kazi hiyo.

Matangazo mengi husifu droni zenye uzito wa chini ya gramu 250 kwa sababu baadhi ya nchi huzilegezea masharti. Hizo ni sheria za nchi hizo. Mkazi wa Kenya asidhani kwamba wepesi wa droni unamwondolea wajibu wa kuisajili.

Mipaka ya kurusha nayo huathiri uchaguzi. Bila idhini maalumu, droni haipaswi kupanda zaidi ya futi 400, yaani takribani mita 120 kutoka ardhini, wala kukaribia watu, magari au majengo yasiyo chini ya usimamizi wa mrushaji kwa umbali usiofika mita 50. Karibu na viwanja vya ndege marufuku huanzia kilomita 7 au 10 kulingana na daraja la kiwanja. Kwa hiyo anayeishi Voi, kwenye kiwanja cha Ikanga, aulize kwanza kabla ya kurusha hata nyumbani kwake.

Katika kaunti hii yapo mambo mengine mawili. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako droni hairushwi bila ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mlio wake huwashtua wanyama, na ndovu akishtuka huwa hatari kwa watu walio karibu. La pili ni mpaka wa Tanzania. Mstari wa mpaka hupita ndani ya Ziwa Chala na Ziwa Jipe, kwa hiyo droni iliyorushwa kutoka upande wa Kenya inaweza kuingia anga ya nchi jirani kwa dakika chache tu.

Picha gani inatafutwa?

Swali la kumuuliza muuzaji si “ipi ni bora?” bali “ipi itanipa picha hii?” Mnunuzi aandike picha tatu anazotaka kuuza. Kwa mfano: mistari ya mkonge wa Mwatate ikitazamwa moja kwa moja kutoka juu, milima ya Taita asubuhi ukungu ukiwa bado mabondeni, na mji wa Taveta huku Kilimanjaro ikionekana nyuma yake. Kila moja inadai kitu tofauti.

Ya mkonge haihitaji droni ghali. Mwanga ni sawa kila mahali na shamba halisogei. Lenzi pana ya kawaida, ile ya milimita 24, ikiwa mita 120 juu huona upana wa ardhi wa takribani mita 170. Anayetaka eneo kubwa zaidi hapigi picha kutoka juu zaidi, kwani sheria haimruhusu. Hupiga kadhaa zinazopishana kidogo kisha huziunganisha kwa programu. Njia hiyo pia huipa droni ndogo picha kubwa ya kutosha kwa bango.

Ya ukungu ni ngumu kwa sababu anga inang’aa na bonde lina giza. Hapo ndipo ubora wa kihisi unapojulikana. Ya Kilimanjaro inahitaji lenzi ndefu, kama itakavyoelezwa.

Kihisi kabla ya megapikseli

Kihisi ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kikiwa kikubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, hivyo picha huwa na chengachenga chache gizani na huhifadhi mawingu na vivuli kwa pamoja. Kihisi cha inchi 1 kina vipimo vya milimita 13.2 kwa 8.8. Kile kinachoitwa 4/3 kina milimita 17.3 kwa 13, karibu mara mbili ya eneo hilo. Vile vya 1/1.3, vinavyopatikana kwenye droni nyingi ndogo, ni vidogo kuliko vyote viwili.

Idadi ya megapikseli inaweza kupotosha. Droni ndogo nyingi zinazoandikwa megapikseli 48 hufanya kazi vyema zaidi zikiunganisha nukta nne kuwa moja, na kutoa picha ya megapikseli 12. Picha hiyo, yenye nukta 4000 kwa 3000, huchapishwa kwa ubora wa juu hadi kupita kidogo ukubwa wa A4. Ya megapikseli 20 hufika A3. Anayeuza picha za mitandao ya kijamii na kalenda ndogo hahitaji zaidi ya hapo.

Jambo lisiloweza kukosekana ni uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, ambayo kwenye menyu huandikwa DNG au RAW. Faili ya JPEG huwa imekwisha kuamuliwa na kamera, na anga iliyogeuka nyeupe hairudi. Pia itafutwe AEB, yaani uwezo wa kupiga picha tatu au tano kwa mfululizo zenye mwanga tofauti ili ziunganishwe baadaye.

Vipimo vinavyohusu video, kama idadi ya fremu kwa sekunde, havimsaidii mpiga picha za mnato. Vichujio vya kupunguza mwanga navyo hutumika zaidi kwenye video. Fedha hizo ni afadhali zinunue betri.

Lenzi na mlima ulio mbali

Wengi hushangaa kwamba mlima unaojaza macho yao huonekana kama kichuguu kwenye picha ya droni. Sababu ni lenzi pana. Kilele cha Kilimanjaro kiko takribani kilomita 50 kutoka mji wa Taveta, na kupanda mita 100 hakukisogezi karibu hata kidogo. Kwa lenzi ya milimita 24 mlima huchukua kama sehemu moja ya kumi ya kimo cha picha. Kwa lenzi ya milimita 70 huwa mkubwa karibu mara tatu. Kukuza kwa kidijitali hakufanyi kazi hiyo: ni kukata picha tu na kupoteza ubora.

Upepo, mwinuko na betri

Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, hivyo propela huzunguka kwa nguvu zaidi na betri huisha mapema. Upepo nao huwa mkali kileleni kuliko bondeni. Droni ndogo ya gramu 249 kwa kawaida huhimili upepo wa takribani mita 10.7 kwa sekunde, sawa na kilomita 38 kwa saa. Kubwa kiasi huhimili mita 12. Hicho ndicho kikomo. Kazi ya kila siku ifanyike chini yake kwa mbali.

Dakika zinazoandikwa kwenye kasha hupimwa mahali pasipo na upepo. Anayesoma dakika 34 apange kazi ya kama 20, kisha airudishe droni betri ikiwa bado na asilimia 30. Betri tatu ndizo zinazotosha asubuhi moja ya kazi.

Aina tatu za kulinganisha

DJI Mini 4 Pro ina gramu 249, kihisi cha 1/1.3 na kamera inayogeuka kupiga picha za wima. Inafaa anayeanza na anayetembea kwa miguu milimani.

DJI Air 3 ina gramu 720 na kamera mbili, ya milimita 24 na ya 70. Ndiyo inayofaa picha za Kilimanjaro na Kasigau kwa mbali. Ndugu yake mkongwe, Air 2S, haina lenzi ndefu lakini ina kihisi cha inchi 1 cha megapikseli 20, na hupatikana kwa mtumba.

DJI Mavic 3 Classic na Mavic 3 Pro zina kihisi cha 4/3. Ni nzito, karibu gramu 900 na zaidi, na ni ghali. Zinamfaa aliyekwisha kuwa na wateja wa kulipia picha kubwa, si anayetarajia kuwapata.

Kwa chama kinachoanza, droni ya kati pamoja na betri tatu na vibali kamili ina faida kuliko droni kubwa yenye betri moja isiyoweza kurushwa kihalali.

Kabla ya kulipa

1. Bajeti ijumlishe droni, betri za ziada, kadi za kuhifadhi picha, propela za akiba, ushuru, ada za KCAA na bima.

2. Droni ya mtumba irushwe mbele ya mnunuzi. Betri isiwe imevimba, na muuzaji aiondoe droni kwenye akaunti yake ili mnunuzi aiunganishe na yake.

3. Jina lililo kwenye usajili lihamishwe rasmi. Risiti pekee haitoshi.

4. Mnunuzi aombe faili ghafi ya picha iliyopigwa na droni hiyohiyo, aifungue kwenye kompyuta na akague pembe zake nne. Pembe moja ikiwa na ukungu, lenzi imewahi kugongwa.

5. Kikundi kiandike kabla ya kununua ni nani atairusha, nani atatunza betri, na nani atalipa ikianguka.