SOMO LA ROBO HII: HEWA ANAYOVUTA MHUDUMU WA NDEGE



Tunapozungumzia afya kazini, wengi hufikiria migodi na viwanda. Safari hii tuwatazame marubani na wahudumu wa ndege, ambao kazi yao huonekana safi kuliko zote.

Hewa inatoka wapi?
Katika ndege nyingi za jeti, hewa ya kupumua hutoka kwenye injini, kabla haijachanganyika na mafuta. Hupozwa, kisha huingizwa ndani. Injini hiyo hiyo ina oili ya kulainisha vyuma, inayozuiwa na sili. Sili ikivuja, oili huungua na mvuke wake huwafikia watu. Wengi husema hunuka kama soksi chafu. Vichujio hunasa vumbi na vijidudu, lakini mvuke hupita.

Madhara yake
Oili hiyo huwa na trikresili fosfati, kemikali ya jamii ya oganofosfati. Wakulima wetu wanaijua jamii hii kutokana na baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Waliovuta mvuke huo wameeleza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kikohozi, macho kuwasha na kushindwa kufikiri vizuri. Rubani akipatwa hivyo angani, wote waliomo wako hatarini.

Kuhusu maradhi ya neva ya muda mrefu, wataalamu bado wanabishana. Utafiti uliotolewa Ulaya mwaka 2017 ulipima safari za kawaida, ukaona hewa si mbaya kuliko ya ofisini. Vyama vya wafanyakazi hujibu kwamba hatari haiko siku ya kawaida, iko siku ya kuvuja.

Mfano wa Australia
Mwaka 1992 ndege aina ya BAe 146 ilijaa moshi ilipokuwa ikishuka kutua. Mhudumu mmoja, aliyekuwa mjamzito, alibaki na kikohozi kisichokwisha. Alifungua kesi, na mwaka 2009 alishinda. Mwajiri alikata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa kuisikiliza. Miaka 18 ilikuwa imepita! Mahakama ilikubali madhara ya mapafu.

Dawa ipo. Ndege aina ya Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, haichukui hewa ya abiria kwenye injini. Lakini ndege nyingi bado zinatumia utaratibu wa zamani.

Tunajifunza nini?
Mfanyakazi akisema, "Hewa hii inaniumiza," asingoje wataalamu wamalize ubishi. Tukio liandikwe siku ile ile: tarehe, saa, harufu, waliokuwepo. Aende kwa daktari mapema. Ushahidi wa sumu hewani hutoweka upesi.

Maswali ya kujadili
1. Katika miradi yetu, ni nani anayevuta dawa za shambani, moshi au vumbi?
2. Je, kamati ina daftari la matukio?
3. Anayelalamika husikilizwa, au huitwa mvivu?