"Kila mwanafunzi aweze…": lengo la somo ni la nani?



Mwalimu yeyote aliyepita chuo cha ualimu anaijua sentensi hii: "Hadi kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze…" Hapo hufuata kitenzi: kutaja, kueleza, kuorodhesha. Mthibiti ubora (zamani tukimwita mkaguzi) akifungua andalio la somo, hiyo ni miongoni mwa sehemu anazotazama mwanzo.

Mimi nafundisha vipindi vya dini katika shule ya serikali huku Dutumi, Kibaha Vijijini, darasa lenye watoto 70 na ushei. Mwaka jana niliandika: kila mwanafunzi aweze kutaja fardhi sita za udhu. Wakazitaja kwa sauti moja mpaka darasa la jirani wakatugongea ukuta. Kwenye tathmini nikajaza, "Somo limeeleweka." Adhuhuri ile ile nikamkuta binti mmoja wa darasa hilo penye ndoo ya maji, hodari wa kutaja kuliko wenzake wote. Mikono aliifikisha katikati tu, viwiko vikabaki vikavu, na miguu akaiosha kabla ya kupaka maji kichwani.

Binti hakukosea chochote katika lengo langu. Alilitimiza. Mimi nilitaka udhu, nikaandika kutaja.

Mitaala yetu imeliona tatizo hili muda mrefu. Mwaka 2005 Tanzania iliacha mtaala wa kurundika maarifa ikaingia mtaala wa umahiri, yaani mtoto apimwe kwa anachoweza kukitenda. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeshikilia hapo hapo. Kwenye karatasi ni jambo jema kabisa. Lakini gawa dakika 40 za kipindi kwa watoto 70: kila mmoja hapati hata sekunde 35. Ndiyo maana tunakimbilia kitenzi "kutaja", kwa kuwa kutaja kunawezekana kwa kibwagizo. Neno "kila" linabaki pambo.

Sasa tazama chuo cha Qur'an cha jirani, chini ya mwembe. Maalim hana andalio wala azimio la kazi. Lakini muulize habari ya mtoto yeyote, atakwambia huyu yuko Surat Dhuha, huyu herufi bado zinamchanganya. Hakuna anayevuka aya kwa sababu wenzake wamevuka. Wakubwa wanawasikiliza wadogo, na yeye anawasikiliza wakubwa. Tunamcheka kwa mkeka na bakora yake (bakora mimi siitetei), kumbe "kila mwanafunzi" yuko kwake.

Wanahistoria wa sira wamesimulia kuwa baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wasio na mali ya kujikomboa waliojua kuandika waliwekewa fidia: kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kuandika. Wakishajua, anaachiwa. Hapo idadi inajulikana, ujuzi unajulikana, na kipimo ni mtoto mwenyewe. Mateka hakuweza kusema amemaliza mada.

Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe matayarisho ya sekondari tu. Leo mzazi wa mjini akienda kikao cha shule huuliza wangapi wamefaulu, shule imekuwa ya ngapi. Ni maswali halali. Lakini ni nadra kusikia mzazi akiuliza: mwanangu alitakiwa aweze nini kufikia muhula huu, na ameweza? Mwalimu aliyezoea kuulizwa hivyo hawezi kuandika "somo limeeleweka" kirahisi.

Na vipindi vya dini ndivyo vilivyosahaulika zaidi. Mzazi anayejua alama za hisabati za mwanawe hadi nukta, mara nyingi hajui hata siku ya kipindi cha dini, wala jina la anayekifundisha.

Nimeazima mbinu ya maalim. Nina daftari la majina, na alama inawekwa mtoto akitawadha mbele ya mwenzake wa darasa la juu, kisha mbele yangu. Wasichana nimewakabidhi kwa mwalimu wa kike. Tunakwenda polepole, mada zimenilundikia, na mwalimu mkuu ameshaniuliza mara mbili kwa nini niko nyuma ya azimio la kazi. Mara ya pili nilimpa daftari alitazame. Nusu ya majina bado hayana alama. Jina la yule binti linayo.